Kwenda Dodoma Kutazama Ukuta

Sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Treni ya umeme ilipotoka kwenye mahandaki ya Kilosa, nchi ikabadilika: kijani kikapungua, mibuyu ikaanza. Nilikuwa nakwenda kukagua uzio wa shule, mita 60 za bloku zisizo na mwanya hata mmoja, ambao kila ukizibwa nyufa hupasuka upya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Njoo uone kilichotushinda."

Ufa ulikuwa wima, sarafu ya shilingi mia ikazama ndani. Haukufuata maungio, ulikata bloku katikati. Ungepanda ngazi-ngazi ningeuliza habari za msingi. Huu ulitokana na ukuta kujivuta kwa urefu wake. Na Dodoma hali ni ngumu kwa ukuta: alfajiri ya Julai nilijikunyata ndani ya sweta, saa nane mchana bloku zilikuwa za moto mkononi. Joto likipanda nyuzi 20, ukuta wa urefu ule hutaka kurefuka takriban milimita 12. Tena bloku za saruji husinyaa zinapokauka, hata nusu milimita kwa mita, na hizi zilijengewa zikiwa mbichi.

"Tulivyoona nyufa, tukazidisha saruji," fundi akasema.

Hilo huniuma kila ninapolisikia, maana hufanywa kwa nia njema na pesa nyingi. Mota kali kupita bloku huzuia maungio yasiachie kidogo kidogo, kwa hiyo bloku ndizo zinazopasuka. Kuta za mawe na chokaa za Unguja zina afadhali hapo, kwa sababu chokaa ni laini.

Tukashika futi kamba na chaki. Kila mita 6 mwanya wa milimita 10, kuanzia juu ya msingi hadi kileleni, na nguzo pande zote mbili ili ukuta usiyumbe. Ndani sponji laini, nje silikoni. Vipande vya chuma viunganishe pande mbili, nusu moja ikiwa ndani ya mrija wa plastiki ili iteleze. Nilisisitiza sana kuhusu lipu: ikipitishwa juu ya mwanya, itapasuka hapohapo.

Fundi akatuma kijana mjini kununua diski ya kukatia. Tulianza penye ule ufa mkubwa, karibu na lango, kwa kuwa hapo ukuta ulikuwa umeshajigawa.