Tiva wa Ngara

Nilipangiwa kufundisha Ngara mwaka 1995, na kilichonipokea kwanza ni moshi. Mwaka uliotangulia, mwishoni mwa Aprili, karibu wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikafurika, na kila familia ilihitaji kuni za kuchemshia maharage. Vilima vikaisha miti, vikabaki visiki, kisha visiki navyo vikang'olewa. Sikumlaumu mtu. Mama mwenye watoto wenye njaa hawezi kuuonea huruma mti.

Nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na korongo lenye miiba iliyosongamana, likiteremka kuelekea mto Ruvuvu. Humo ndimo nilimokutana na ndege aitwaye tiva. Mgongo, kichwa na mkia ni mweusi tii. Kuanzia kooni hadi tumboni ni mwekundu kama pilipili iliyoiva. Jicho lake ni la manjano mpauko. Wataalamu humwita Laniarius erythrogaster. Ungedhani ndege mwenye rangi hizo angejionyesha kileleni, kumbe anapenda gizani, chini kabisa kwenye vichaka, akipekua majani kutafuta wadudu. Husikika mara nyingi kabla ya kuonekana.

Mlinzi wetu, mzee wa Kihangaza, alinikuta asubuhi moja nimesimama ukingoni.

"Shikamoo, mzee. Namsikiliza huyu ndege."

"Marahaba, Mwalimu. Hao ni wawili. Nenda usimame katikati yao."

Nikashuka. Kushoto kwangu ukatoka mluzi mzito, laini, wa dume. Na kabla haujakatika, kulia kwangu jike akajibu kwa sauti ya kukwaruza. Kwa aliye mbali ni wimbo mmoja usio na mshono. Ukiwa katikati yao, unasikia jinsi kila mmoja anavyomngoja mwenzake. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, maana wamevaa sare moja. Ni sauti tu inayokuambia nani ni nani. Tangu siku hiyo sikuhesabu tiva kwa kuwaona. Nilisikiliza jibu.

Nilihamishiwa Biharamulo baadaye, mji wenye boma la Wajerumani. Enzi hizo msitu ulikuwa na majambazi wa kuteka mabasi, kwa hiyo magari yalisubiriana Lusahunga ili yasindikizwe na polisi. Abiria walinung'unika, mimi nilitazama kichakani. Hapo nilimwona tiva mmoja akimpiga kiwavi kwenye tawi, huku na huku, mpaka akalegea kabisa, ndipo akamtia kinywani mwa kinda. Kinda lilikuwa limefifia rangi, lina michirizi, wekundu haujaja. Dereva alipopiga honi, walikwisha zama majanini.

Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, na kila nilipopita Benaco baada ya hapo niliteremka kidogo kusikiliza. Muda mrefu ilikuwa nyasi na upepo. Kisha vichaka vikarudi makorongoni, vikafika kimo cha mtu, na humo nikausikia mluzi na mkwaruzo wake. Tiva haombi msitu mkubwa. Mwaka 2019 pori la akiba la Burigi liliingizwa katika hifadhi ya taifa, nami nilifurahi kwa ajili ya wanyama wengi, lakini tiva niliowajua waliishi nje ya mipaka yote: kwenye ua wa minyaa, nyuma ya migomba, kandokando ya vijito. Hatima yao imo mikononi mwa mwenye panga.

Mwanafunzi wangu mmoja ana shamba karibu na Rulenge. Nilimkuta akifyeka hadi ukingoni mwa korongo, nikamwomba aache ukanda wa upana wa hatua chache ili tiva wapate pa kujificha, na pia udongo usiporomoke mvua za masika zikija. Aliuacha. Siku hizi tukizungumza kwa simu, hunilalamikia kwamba mkewe huamshwa alfajiri na kelele za jozi iliyohamia humo, na kwamba watoto wameanza kubishana nani aige dume na nani aige jike.