Violezo vya Mzee Vilipoingia Kwenye Kompyuta

Karakana yetu ilikuwa Chang'ombe, Dar es Salaam, na tulitengeneza paneli za umeme, yale makabati ya chuma yanayobeba swichi, taa na mita za viwandani. Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukutani, nyuma ya meza ya fundi mkuu, violezo vya bati vilining'inia kwenye misumari: cha mita ya volti, cha kitufe cha kuwashia mota, cha feni. Ukipewa mlango wa paneli, unakilaza kiolezo juu yake, unachora kwa ncha ya chuma, unatoboa kwa drili, unamalizia kwa tupa.

Kisha ikaja SolidWorks, programu iliyotoka mwaka 1995 na kuendeshwa kwenye kompyuta za kawaida za Windows. Milango tukaanza kuichorea humo, na kila tundu likachorwa upya kila mara. Mita yenye uso wa milimita 96 kwa 96 hukaa kwenye tundu la 92 kwa 92, kwa mujibu wa kanuni za DIN za Ujerumani. Hata hivyo, kila mchoraji alikuwa na tundu lake. Mita nyingine ziligoma kuingia, nyingine zikacheza.

Kijana mmoja akaamua kulihifadhi tundu peke yake kwenye faili, liwe linachukuliwa na kubandikwa kwenye mlango wowote. Wazo lilikuwa zuri, ila tundu lenyewe alilipima kutoka ukingo wa kushoto na wa juu wa mlango aliokuwa nao siku ile. Lilipopelekwa kwenye mlango mwembamba likaangukia kwenye mkunjo. Kina nacho alikiandika milimita 1.5, unene wa bati lile. Kwenye bati la milimita 2 tundu halikutokea upande wa pili.

Ndipo tukamwita fundi mkuu aketi nasi. Mzee hakuwahi kushika kompyuta.

"Wewe ukiweka mita, unaanzia wapi?" akamuuliza kijana.

"Katikati yake, mzee."

"Basi mbona tundu lako linaanzia ukingoni?"

Tukalijenga upya. Kitovu cha tundu kikawa ndiyo nanga yake, na kina kikafungwa kwenye unene wa bati, liwe la unene wowote. Saizi za 92, 68 na 45, yaani za mita za 96, 72 na 48, tukaziweka kwenye faili moja. Kulizunguka tundu tukachora mstari usiokata chochote, wa kuonyesha uso wa mita utaishia wapi na mkunjo usisogee kupita wapi, maana tundu lililo karibu mno na mkunjo huvutwa na kupoteza umbo bati linapokunjwa. Mchoraji akabaki na maswali mawili tu ya kujibu: uso upi, na kitovu wapi.

Tulidhani tumemaliza. Mzee akauliza, "Na rangi je?"

Tukakishusha kiolezo chake ukutani, tukakipima: 92.5. Miaka yote ile alikuwa akiiachia nafasi rangi ya unga, ambayo ikishaokwa hubaki na unene wake kwenye kingo za tundu na kulibana. Nayo DIN inaruhusu tundu hilo lifike hadi 92.8, kwa hiyo kipimo chake kilikuwa ndani ya kanuni bila yeye kuisoma. Tukaiingiza 92.5, na pembeni yake tukaandika sababu.

Baadaye zilikuja mashine za kukata kwa leza, na drili na tupa zikapungukiwa kazi. Toleo la programu nalo lilibadilika mara kadhaa, na faili ile ikachorwa upya. Ila maelezo yalinakiliwa kila mara pamoja na kipimo, kwa sababu mchoraji mgeni akiona 92.5 bila sababu ataiona kosa, na cha kwanza atakachofanya ni kuirudisha 92.