Goma: Memwari ilirudishwa mara mbili, lakini kosa halikuwa la masomo

Katika kambi ya Bulengo, magharibi ya mji wa Goma, msichana mmoja anayesomea kilimo alibakiza jambo moja tu ili amalize chuo kikuu: kupanga memwari yake. Maandishi yalikuwa tayari, kurasa 64 juu ya jibini ya Masisi na wafugaji wanaouza maziwa. Familia yake ilikimbia Masisi mwanzoni mwa mwaka 2024, vita ilipokaribia Sake. Ng'ombe walibaki huko. Yeye alitoka na flashi, ameifunga kwenye pembe ya kitenge.

Direkta wake aliirudisha kazi mara mbili. Orodha ya yaliyomo ilisema sura ya pili iko ukurasa wa 21, kumbe inaanza 24. Vichwa vingine vilikuwa vikubwa, vingine vidogo.

Sababu ilikuwa moja. Kila kitu alikipanga kwa mkono: alinenepesha herufi za vichwa kimoja kimoja, akaandika namba za kurasa mwenyewe, akajaza nukta mpaka mwisho wa mstari. Akiongeza aya moja, kurasa zote zinasogea, lakini orodha inabaki ilivyokuwa. Basi anarudi sekretaria karibu na chuo, analipa kupanga, analipa kuchapisha. Pesa ni za mama yake, anayeuza makala kando ya barabara.

"Mwanangu, hiki kitabu kinaisha lini?"

"Mama, imebaki kupanga tu."

"Kupanga siku ngapi? Mimi napanga mafungu ya makala asubuhi, mangaribi yameisha."

Mara ya tatu, kijana wa sekretaria alimwonea huruma, hata kama kazi hiyo ndiyo chakula chake. Alimfungulia modeli: faili ambayo ukubwa wa herufi, nafasi ya mistari na pembezoni vimekwisha kuwekwa. Akamwonyesha kwamba kichwa cha sura kinapewa mtindo wa "Titre 1", na kichwa kidogo "Titre 2". Ukibadilisha mtindo mara moja, vichwa vyote vya aina hiyo vinafuata. Kurasa za mwanzo, kama za shukrani, zinatengwa kwa kukata sehemu, zipate namba za kirumi. Utangulizi unaanza na 1. Halafu orodha ya yaliyomo inaombwa kwa amri moja, na kompyuta yenyewe inakusanya vichwa na kurasa zake. Modeli kama hiyo inatengenezwa katika Word, na pia katika LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Alimpa maonyo mawili. Orodha haijirekebishi bila kuombwa: kabla ya kuchapisha, lazima kuisasisha. Tena, kazi ikiisha ihifadhiwe pia katika PDF, kwa sababu kwenye kompyuta ya mtu mwingine mpangilio unaweza kuvurugika.

Jioni ile msichana alimsomea mama yake orodha mpya chini ya shitingi. Alipofika sura ya tatu, penye majina ya vijiji, Mushaki, Karuba, Kilolirwe, mama aliacha kupepeta maharagwe.

"Kilolirwe iko ukurasa gani?"

"42, mama."

"Na umeandika kama ng'ombe walibaki?"

Hakuwa ameandika. Memwari ilihesabu lita za maziwa kama vile wafugaji wangali kwao. Kesho yake alirudi sekretaria, akaongeza ukurasa mmoja mwanzoni mwa sura hiyo: nani alikimbia, mifugo gani iliachwa, na kwamba hesabu zote ni za kabla ya kuhama. Zamani ukurasa huo ungemlazimisha kupanga upya kazi nzima, na pengine angeuacha. Safari hii alisasisha orodha tu. Kilolirwe ikahamia ukurasa wa 43.

Direkta aliipokea. Mama alilipa nakala za mwisho kwa pesa ya gunia moja la makala.