Cheti kilikuwa ukutani, jina halikuwa letu

Msomaji mpendwa, hebu liweke gazeti kitini kidogo uende jikoni. Tazama rafuni. Utaona pakiti ya majani chai, mfuko wa unga, mkebe wa kakao, kipande cha sabuni. Kila kimoja kina jina na picha yake, na pengine mtoto wako ambaye hajajua kusoma huvitambua vyote kwa picha tu. Sasa nikuulize: majina hayo ni ya nani, na yatakuwa yake hadi lini?

Mimi sikuwahi kujiuliza swali hilo la pili. Nililijua jibu la swali la kwanza, nikaridhika. Hivyo ndivyo nilivyokaribia kumpotezea mamangu kitu alichokijenga kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 20.

Mamangu ni mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nairobi. Biashara yake ni masala, ya pilau na ya chai. Alianza kwa kutwanga iliki, karafuu, mdalasini na bizari nyumbani kwetu Pangani, akifunga katika vipakiti alivyovichoma midomo kwa moto wa mshumaa, na kuwauzia majirani na wenye mikahawa ya Ngara na Kariokor. Watu walipozidi kumwuliza masala yake yanaitwaje, aliyaita Mbuzi. Si mbuzi wa pembe na ndevu, msomaji, bali mbuzi ya kukunia nazi, ile ya marehemu nyanya aliyokuja nayo kutoka Mombasa. Picha yake ndiyo iliyochapishwa kwenye kila pakiti.

Sisi watoto tulicheka. Tulimwambia kwamba watu wa bara hawaijui mbuzi hiyo, watadhani ni kigoda. Naye akatujibu, "Anayejua atanunua, asiyejua atauliza. Na anayeuliza amekwisha kusimama dukani."

Alisema kweli. Haukupita muda mrefu watoto wa mtaa wakawa wakitumwa dukani na kusema, "Nipe ile ya mbuzi," na mwenye duka hakuhitaji kuuliza zaidi.

Mwaka 2013 mteja mmoja alimshauri aisajili alama yake. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa kifungua mimba, nimetoka chuoni na stashahada ya uandishi wa habari, na kwa Mama hiyo ilitosha kuwa mwanasheria, mhasibu na karani. Nilikwenda KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki za viwanda, ambayo iko South C hapa Nairobi. Tukaandika ombi mwezi Machi. Alama ikachunguzwa, ikatangazwa katika jarida rasmi, zikapita siku 60 ambazo sheria humpa mtu yeyote nafasi ya kuleta pingamizi, na hatimaye, Novemba 2014, cheti kikatoka. Mama alikitia katika fremu, akakitundika sebuleni karibu na picha ya harusi yake.

"Tarehe zake uziangalie wewe, mwanangu," aliniambia. "Mimi macho yangu ni ya kuchambulia iliki."

Nikaandika katika shajara yangu: Novemba 2024. Nilijua kwamba chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, usajili hudumu miaka 10, kisha hufanywa upya kwa miaka mingine 10. Nilichokosa kujua ni kitu kidogo tu. Miaka hiyo haihesabiwi tangu siku cheti kilipotoka. Huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa. Miaka yetu 10 ilikuwa imeanza Machi 2013, na ikaisha Machi 2023, huku mimi nikitembea na shajara yangu kwa amani.

Utauliza, je, hamkukumbushwa? Naam, utaratibu wa kumkumbusha mwenye alama upo, na barua hutumwa kwa anwani iliyo katika daftari la usajili. Anwani tuliyoandika ilikuwa sanduku la posta la mjomba wangu. Mjomba alistaafu mwaka 2016, akarudi nyumbani, na sanduku hilo halikulipiwa tena. Nani alipaswa kuibadilisha anwani hiyo? Mimi. Nilikuwa nimejua jambo hilo kwa miaka saba, na kila mwaka nikasema nitalishughulikia baada ya sikukuu.

Agosti 2024, Mama alirudi kutoka Gikomba akiwa kimya. Alitoa pakiti mkobani, akaiweka mezani mbele yangu. Rangi zilikuwa zetu, kijani na manjano. Neno lilikuwa letu, Mbuzi. Ila picha ilikuwa ya mbuzi hasa, mwenye pembe, anayekula majani. Aliyeiga hakujua hata alichokuwa akiiga.

Nilicheka. Mama hakucheka. Alichovya kidole katika unga ule, akauonja, akatema. "Huu una unga wa mahindi," akasema. "Na watu wanasema ni wangu."

Nikamwambia asihofu, tuna cheti. Nikakitoa kile cheti ukutani na fremu yake, nikaenda nacho kwa wakili, kifua mbele. Wakili alikigeuza mara mbili, akauliza, "Mmefanya upya lini?" Nilipomjibu kwamba muda bado, alinionyesha kwa kalamu mstari wenye tarehe ya ombi. Ofisini tulikuta mambo mawili. Kwanza, alama yetu ilikuwa imeondolewa katika daftari. Pili, yule mwenye mbuzi wa pembe alikuwa ameomba kulisajili neno lile lile kwa bidhaa zile zile, na ombi lake lilikuwa limekwisha kutangazwa. Katika zile siku 60 zilibaki 19.

Msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimeisoma methali hiyo shuleni, nikaiandikia insha na kupata alama nzuri. Sikujua kwamba siku moja ningesimama mbele ya daftari lenyewe.

Hapa nataka tuelewane kuhusu jambo ambalo wengi hulichanganya. Leseni ya biashara unayolipia kaunti kila mwaka hukupa ruhusa ya kuuza, haikupi umiliki wa jina. Kusajili jina la biashara, au hata kampuni, pia hakukupi ulinzi wa alama inayobandikwa kwenye bidhaa. Alama ya biashara ina daftari lake, nayo husajiliwa kwa aina za bidhaa au huduma, ambazo zimegawanywa katika makundi 45. Masala na chai vimo katika kundi la 30. Ukisajili kundi hilo kisha uanze kuuza sabuni kwa jina lile lile, sabuni yako iko nje ya ua.

Tena ulinzi huo hauvuki mpaka. Cheti cha Kenya hakina nguvu Kampala wala Dar es Salaam, na hata Zanzibar ina usajili wake, mbali na ule wa Tanzania bara. Wasomaji wengine watakumbuka kisa cha mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili huko kwao neno "Kikoy". Kikoi chetu cha pwani, wanachofuma na kuuza watu wengi, kilikaribia kuwa jina la mtu mmoja katika soko hilo. Pingamizi ililetwa, na ombi halikufaulu. Lakini lingefaulu kama kila mtu angekaa akidhani kuna mwingine anayeangalia.

Lenye kutia moyo ni kwamba alama ya biashara inaweza kuishi milele. Hataza ya uvumbuzi hudumu miaka 20, ikaisha. Hakimiliki ya kitabu nchini Kenya huisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Lakini alama, ukiitumia na kuifanya upya kila muda unapofika, haina siku ya kufa. Ile pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ilikuwa alama ya kwanza kusajiliwa Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, nayo imeendelea kufanywa upya kizazi baada ya kizazi. Walioipeleka kusajiliwa walikufa zamani. Kilichoibakiza si ukubwa wa kampuni pekee, bali ni mtu fulani, kila ulipofika wakati, aliyekumbuka tarehe.

Narudi kwetu. Kwa siku zile 19 nyumba yetu iligeuka ghala la karatasi. Wakili alitaka ushahidi kwamba tulianza kuitumia alama ile kabla ya mwenzetu, na kwamba wateja wanaijua kuwa ni yetu. Tulipekua masanduku. Tulipata risiti za mchapishaji wa vibandiko, daftari za madeni za wenye mikahawa, na picha ya maonyesho ya mwaka 2009 ambamo Mama amesimama nyuma ya meza, mbuzi ya nyanya mbele yake. Wenye maduka watatu walikubali kula kiapo kwa maandishi. Pingamizi ikawasilishwa siku nne kabla ya muda kwisha. Siku hiyo hiyo tukawasilisha ombi letu jipya.

Gharama? Pesa za wakili zilitoka katika karo ya chuo ya mdogo wangu wa mwisho. Alikaa nyumbani muhula mzima akimsaidia Mama kufunga vipakiti. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma. Ada ya kufanya upya kwa wakati haingefika hata sehemu ndogo ya pesa zile.

Yule mwenzetu, alipopelekewa pingamizi, hakujibu katika muda uliowekwa, na kwa sheria asiyejibu huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Alama ya Mama ilisajiliwa tena mwaka 2025. Lakini usidhani tulirudi tulipokuwa. Tarehe ya usajili wetu sasa ni ya 2024. Ile ya 2013 imekwenda na maji. Na kwa miezi yote ile unga wa mahindi ulikuwa ukiuzwa kwa jina letu. Wapo wateja waliouonja mara moja, wakasema mama wa masala ameharibika, na hawajarudi.

Basi, msomaji, kama wewe au mzazi wako ana alama iliyosajiliwa, fanya haya wiki hii. Toa cheti, utafute tarehe ya ombi, uhesabu miaka 10 kuanzia hapo. Anza mipango miezi sita kabla, usingoje barua. Hakikisha anwani iliyo katika daftari ni yako ya leo. Ukihama, ijulishe ofisi. Itumie alama jinsi ilivyosajiliwa, kwani isipotumika kwa miaka mitano mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe. Muda ukipita, nenda mara moja, usione haya, kwa maana kila siku unayochelewa njia hupungua na gharama hupanda. Na kama hujasajili kabisa, usichapishe ile herufi R ndani ya duara kwenye pakiti zako kwa kujipamba. Ni ya waliosajiliwa, na sheria inakataza kuidanganyia.

Cheti kipya hakikutiwa fremu. Mama alisema fremu ndiyo iliyotulaza usingizi. Amekiweka katika bahasha ndani ya kabati la viungo, na nyuma ya mlango wa kabati hilo ameandika kwa chaki tarehe ya 2034, kwa tarakimu kubwa ambazo hazihitaji miwani.

Nilimwuliza kama bado ananiamini kuzitunza karatasi zake. Aliendelea kuchambua iliki kwa muda, kisha akasema, "Nakuamini, mwanangu. Ndiyo maana nimeandika mahali ambapo wote wawili tutapaona."