Gari Letu la Kwanza na Ule Mlio wa Asubuhi

Jamani, mapenzi upofu, na gari la kwanza hivyo hivyo! Mimi na mume wangu tulilipendea rangi. Tulikuta muuzaji kashaliwasha, injini ya moto. Tukamwaga akiba yetu ya miaka miwili.

Kesho yake alfajiri nawasha: krrr-krrr, sekunde chache, kimya. Mwenzangu akasema, "Mke wangu, gari la mtumba lazima likohoe." Mwezi wa tatu likazimika barabarani. Fundi kufungua, cheni ya taimingi imelegea, imeruka meno, pistoni zimegonga valvu. Ikala kwetu. Wiki nzima hatukusemeshana.

Kumbe cheni, tofauti na mkanda, mara nyingi haina kilometa maalumu za kubadilishwa, ila uhai wake ni oili. Oili isipobadilishwa kwa wakati, cheni inalika, inarefuka.

Basi wewe unayetafuta gari, lione asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa mwenyewe, usikilize. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta tope jeusi, aga. Ulizia rekodi za sevisi, na fundi awe wako, si wa muuzaji.

Siku hizi tunasikilizana. Mmoja akisema "nasikia kitu", mwingine hacheki.