Kikopey ya Baba: Safari ya Siku Moja

Marehemu baba yetu aliendesha malori kutoka bandari ya Mombasa hadi Uganda kwa zaidi ya miaka 20. Kila arudipo alikuwa na gunia la viazi na karoti alizonunua kando ya barabara, na shati lake lilinuka moshi. Mama alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nilipita Kikopey." Nyama yenyewe haikufika nyumbani hata siku moja, maana isingestahimili safari. Kilichofika ni masimulizi, na ahadi kwamba ipo siku atampeleka Mama akapaone. Mwenyezi Mungu alimchukua kabla ya siku hiyo.

Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, tulidhani angependa kuwazuru jamaa zetu wa Lamu au Malindi. Yeye akasema anataka kwenda Kikopey. Tulitazamana, kisha tukafunga safari: mabinti wawili, kaka yetu aliyeshika usukani, na mjukuu wa miaka tisa. Tulifikia kwa jamaa mjini Nakuru, na siku ya pili tukaitenga kwa ajili ya Kikopey peke yake.

Kikopey ni kituo kilicho karibu na Gilgil, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Nakuru. Abiria wengi hukijua kwa nyama choma tu: gari husimama, watu hula, safari huendelea. Sisi tuliazimia kupaona pia pale ambapo Baba, kwa haraka za kazi, hakupata kufika.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, sweta zikiwa juu ya mabuibui, kwani baridi ya Bonde la Ufa haimsamehi mtu wa Pwani. Tulikuwa na mahamri na chupa ya kahawa ya tangawizi. Jua lilipopanda, Ziwa Elementaita likajitandaza upande wa kuume. Ng'ambo yake kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, paji la uso na pua vikionekana wazi. Watu hukiita Morani Aliyelala. Mjukuu alikitambua kabla yetu.

Kwanza tulikwenda Kariandusi, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Mahali hapa, panapotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mtafiti Louis Leakey alipagundua mwaka 1928. Ndani ya machimbo yaliyozungushiwa uzio mashoka ya mawe yamelala pale pale yalipokutwa. Baadhi yamechongwa kwa jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo, na makali yake bado yanaonekana. Sisi tuliokulia Pwani tukitaja ukale huyataja magofu ya Gede, yenye umri wa miaka mia kadhaa. Mashoka haya wataalamu huyakadiria kuwa na umri wa baina ya miaka 700,000 na milioni moja, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Jirani na hapo kuna ardhi nyeupe kama unga. Ni masalio ya mimea midogo mno ya majini iliyozama na kurundikana chini ya ziwa la kale. Nayo huchimbwa na kutumika, miongoni mwa mengine, kuchujia vimiminika. Tuliposimama pakavu palikuwa ziwa. Maji yalihama, na watu waliokuwa wakichinja na kuchuna kando yake wakatoweka. Mama alilitazama shoka moja kwa muda mrefu, kisha akasema: "Hata hawa walikuwa na mtu wa kumngojea arudi na kitoweo."

Kutoka hapo tukateremka kwenye chemchemi za maji moto za Kikopey, upande wa kusini wa ziwa. Maji hutoka ardhini yakiwa moto, na humo huzaliana samaki wadogo jamii ya perege, ambao asili yao ni Ziwa Magadi. Wenyeji huja kuoga, na wapo wanaoamini kwamba maji hayo ni dawa. Sisi wanawake tulitafuta pembe ya faragha, tukalowesha miguu tu. Mama, ambaye magoti humsumbua, alikaa hapo karibu saa nzima bila kusema neno.

Ziwa lenyewe ni la magadi na halina mto wa kutokea. Mito huingia, na maji hayana njia ya kutoka isipokuwa kupaa kwa joto la jua, yakiacha chumvi nyuma. Hata hivyo maji hayo hulisha ndege kwa maelfu. Heroe huja kwa makundi, na wari weupe hutaga juu ya visiwa vya mawe. Mwaka 2011, Elementaita pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria yaliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Adhuhuri ilipokaribia tukarudi barabarani, kwenye safu ya vibanda vya nyama. Mama alimsogelea mchomaji mmoja, akauliza kwa upole: "Mwanangu, nyama hii amechinja nani?"

"Mwislamu, mama. Kule machinjioni huchinja Waislamu."

"Na juu ya jiko hili hapachomwi kitu kingine?"

"Hapa ni mbuzi na kondoo tu, mama. Karibu jikoni ujionee."

Akaingia kweli, akaona, akaridhika. Baba alikuwa akituambia kwamba aliuliza maswali hayo hayo kila safari, hata pale alipokwisha kujulikana, kwa sababu kuuliza si kumtuhumu mtu. Ndiyo adabu tunayowausia nanyi: ulizeni kwa heshima, nanyi mtajibiwa kwa heshima.

Nyama ilipokuwa motoni tulitia udhu kwa maji tuliyobeba, tukatandika mkeka nyuma ya kibanda, tukaswali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, swala ya msafiri. Baba naye aliswali hivyo, kivulini mwa lori lake.

Tulikuwa na tamaa moja ambayo hatukuitamka: kwamba huenda mtu angemkumbuka. Kaka akatoa picha, akawaonyesha wazee wawili watatu. Waliitazama kwa makini na kwa huruma, wakatikisa vichwa. Malori yapitayo hapo hayana hesabu. Tulimwonea Mama uchungu, lakini yeye akaipokea picha, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Si lazima wamjue wao," akasema. "Mimi namjua." Kisha akala. Tangu msiba hatukuwa tumemwona akila namna ile: mbavu za mbuzi, ugali na kachumbari, mpaka akaomba ndimu zaidi.

Kwa familia zitakazopenda kuifuata njia hii, tunashauri zitoke mapema, zibebe maji ya udhu na nguo za baridi, na zianzie Kariandusi kabla jua halijawa kali. Kwenye vibanda, shikeni watoto mikono, kwani magari ya barabara ile huenda kasi. Siku moja yatosha, ilimradi msiipitishe yote mezani.

Jioni tulinunua gunia la viazi na karoti, tukarejea Nakuru. Usiku, tulipokuwa tukikusanya nguo za kufua, Mama aliushika mtandio wake, akaunusa, akaurudisha begani. Ulinuka moshi. "Huu uacheni," akasema. "Utafuliwa Mombasa."

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, na awarudishe salama wote walio njiani.