Samaki wa Shimoni na Tangi la Sebuleni

Msafiri atokaye bara, aliyezoea ngege na sangara wa Ziwa Viktoria, aghalabu hushikwa na butwaa anapoinamisha uso majini kwa mara ya kwanza huko Kisite, kusini mwa pwani ya Kenya. Ziwani samaki ni kitoweo. Hapa ni maua yatembeayo.

Njia si ngumu. Ukishavuka kivuko cha Likoni, Mombasa, barabara huelekea kusini kupitia Ukunda na Msambweni, kisha huchepuka kushoto hadi Shimoni, kijiji cha wavuvi chenye mapango yaliyokipa jina. Ng'ambo ya mkondo ni kisiwa cha Wasini, na mbele yake hifadhi ya bahari ya Kisite, ambamo kuvua kumepigwa marufuku.

Kati ya wakazi wa mwamba ule yumo samaki mmoja, ndugu wa mbali wa pono, ambaye wafanyabiashara wa samaki wa mapambo humwita korisi. Akiwa mtoto, urefu wa kidole tu, huwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, na mgongoni ana mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi mithili ya wino. Watoto wa binadamu wakimwona hutaka awekwe sebuleni, katika tangi la kioo. Na kwa hakika huwekwa. Nje ya hifadhi, wazamiaji wa pwani hii hunasa samaki hai wa namna nyingi kwa nyavu ndogo, nao hutiwa katika mifuko ya maji yenye oksijeni, wakapelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani. Ni riziki ya nyumba kadhaa, nami simlaumu mzamiaji.

Lakini mnunuzi, je, anajua anunuacho? Yule mtoto mwekundu hubadili sare. Mabaka hufifia, mwili huingia rangi ya kahawia yenye ukijani, na urefu huweza kufikia sentimita 38. Usiku hujizika mchangani, kwa hiyo hana budi kutandikiwa mchanga mwororo wa kina cha sentimita 10 hivi. Chakula chake ni konokono na kaa. Katika kuwatafuta hupindua mawe, na mapambo yote uliyoyapanga kwa subira huanguka. Akishtuka huruka, na tangi lisipokuwa na kifuniko hukutwa asubuhi sakafuni, amekauka.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Samaki wa kimo hicho ahitaji tangi la lita 500 au zaidi. Maji hayo peke yake yana uzito wa zaidi ya nusu tani. Kila lita hutiwa gramu 35 za chumvi maalumu, yaani kilo 17 na nusu kwa tangi zima, wala chumvi ya jikoni haifai. Umeme ukikatika usiku kucha, pampu husimama na hewa majini hupungua. Na ninyi mnaoishi kambini mwajua: amri ya uhamisho haingoji samaki.

Yuko na jamaa yake mdogo, msafishaji, mwenye mstari mweusi na buluu, ambaye hula wadudu walioganda miilini mwa samaki wengine. Wakubwa kwa wadogo humjia na kusimama kwa zamu kama kwenye zahanati. Majaribio yaliyofanywa Australia yalionyesha kwamba mwamba ulioondolewa wasafishaji hao hupungukiwa na aina za samaki. Naye akiwekwa peke yake katika tangi, bila wagonjwa wa kuwahudumia, mara nyingi hufa njaa.

Atakaye kumwona korisi bila kumtesa na achague miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yanapotulia na kuwa maangavu. Mashua huondoka Shimoni asubuhi. Mwombe nahodha akupeleke mahali penye mchanga kando ya matumbawe, uelee bila kurusha miguu. Atatoka mwenyewe.